Mbio Tatu Kabla ya Alasiri: Jinsi "Kaa Nyuma Upumzike" Ilivyoniponza

"Kaa nyuma ya kundi, jipumzishe, miguu itakufaa mbio za mwisho." Ushauri huu nilipewa na watu wasiopungua wanne niliposema nataka kushindana mbio za baiskeli mara tatu kwa siku moja. Nilikuja kugundua kwamba wote wanne hushindana mara moja, kisha hao nyumbani kunywa chai.

Huku Texas mbio za mzunguko za Jumapili hufanyika sana kwenye maeneo ya maghala, barabara zikiwa tupu, na ratiba hugawanywa kwa madaraja ya uwezo, la 5 likiwa la wanaoanza. Ukiwa daraja la 4 na umevuka miaka 40, una milango mitatu: mbio za madaraja ya 4 na 5, za maveterani, na za madaraja ya 3 na 4. Umri unaohesabiwa ni ule utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba, kwa hiyo anayetimiza 40 mwezi wa Novemba anaingia kwa maveterani tangu Januari. Zangu zilikuwa dakika 35 saa 2 asubuhi, dakika 45 saa 4 na nusu, na dakika 50 saa 7 mchana. Ada ya kwanza ni kama dola 40, za nyongeza kama nusu yake.

Mzunguko ni kilomita 1.3 wenye kona 4. Mbio zote tatu ni raundi kama 66, yaani kona 264. Mwendeshaji anachakazwa na kona kuliko kilomita.

Sasa hayo "mapumziko" ya nyuma. Watu 50 wakifika kwenye kona, wa mbele wanapita bila kugusa breki, kilomita 35 kwa saa, wanatoka wakipanda hadi 42. Wa 45 anakuta foleni imejibana. Anashika breki hadi 25, na kabla hajanyooka wenzake wameshachomoka, basi analazimika kupaa hadi 45 kuziba pengo. Mimi, baiskeli na chupa zangu ni kilo 82. Piga hesabu ya fizikia ya sekondari: kumtoa mtu huyo kwenye 25 hadi 45 kunakula nishati zaidi ya mara mbili na nusu ya kumtoa kwenye 35 hadi 42. Zidisha kwa kona 68 za mbio za kwanza peke yake. Upepo nyuma haukugusi, kweli, lakini unachookoa kwenye barabara iliyonyooka unakitapika kwenye kona. Siku hiyo, mbio za pili niliachwa raundi ya 9. Za tatu sikuanza, nilikaa kivulini nikiwapigia makofi wenye akili.

Nilipojaribu tena nilishikilia nafasi ya 8 hadi ya 15. Kuishika nafasi hiyo ni kazi, kwa sababu ukitulia tu kila raundi unapitwa na watu watatu au wanne. Usipande mbele wakati kundi linakimbia. Subiri kengele ya zawadi ya katikati: watatu wanne wanaifukuza, wakishavuka mstari kundi zima linalegea, na hapo unapanda karibu bure. Pandia upande usio na upepo. Ukivuma kutoka kushoto, pita kulia. Gia nyepesi moja iingie kabla ya kona, si ndani yake. Pedali ya nje iwe chini, ya ndani juu, la sivyo itagonga lami ukilala.

Asubuhi kabla ya kutoka nilibandika namba tatu kwenye jezi tatu, pini 8 kila moja, upande walioutaja waandaaji. Ukijifanya utabadilisha namba kati ya mbio, vidole vitatetemeka na utaubana mfuko pamoja na namba, kisha chakula hukipati.

Upepo wa tairi uangalie upya saa 7. Tairi za milimita 28 ukizijaza psi 75 asubuhi na kuziacha juani, mchana zinakaribia 80 na kona zinaanza kuteleza. Toa kidogo. Na ukipata pancha, nenda kwenye kituo cha magurudumu ya akiba, utapewa raundi ya bure, yaani unaikosa bila kuhesabiwa umeachwa, na kurudishwa kundini. Ila kitu ulichokifunga kwa uzembe kikalegea hakihesabiwi, na katika kilomita 8 za mwisho hakuna raundi ya bure.

Chakula ndiyo sehemu niliyojivunia kabla haijaniaibisha. Safari ile ya kwanza nilibeba pilau. Mafuta na nyama vinakaa tumboni saa nyingi, na damu ikikimbilia miguuni pilau inabaki bila kusagwa. Nilizunguka huku iliki inanirudi kooni. Sasa nabeba vitumbua vya maji, nazi kijiko kimoja tu, chumvi imezidi kidogo. Vitatu ndani ya dakika 20 baada ya kumaliza, kisha nasimamisha kula saa moja kabla ya kuanza tena. Kwenye chupa ya mililita 750 natia sukari ya kawaida vijiko vikubwa 5 vya bapa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau. Unga wa kopo wa dola 40 sioni ulichonizidi: sukari ya mezani nusu ni glukosi na nusu fruktosi, zinapita utumboni kwa njia mbili tofauti.

Mbio zikiisha, pedali taratibu dakika 6, vua viatu, badilisha kaptura. Usiende na kaptura mbichi mbio za pili, utaota vidonda mahali pa kukalia. Kupasha misuli kabla ya za pili na za tatu ni dakika 8 zenye milipuko miwili ya sekunde 30. Wanaozungusha magurudumu dakika 25 kila mara wanashindana mbio ya nne isiyo na zawadi.

Ujanja wangu mkubwa ni soksi ndefu ya nailoni ya kina mama. Vipande 10 vya barafu, fundo, inalala shingoni chini ya jezi, inayeyuka polepole mgongoni kwa takribani robo saa. Mke wangu aliuliza mara moja tu soksi zake zinakwenda wapi.

Siku ile niliyojaribu tena, mbio za tatu, raundi tatu za mwisho, ndipo nilipoacha ubahili: nilikuwa wa 5 kuingia kona ya mwisho, wa 6 kuvuka mstari. Zawadi dola 20, hesabu ya faida na hasara niachieni. Ila nilikaa nusu saa nikinywa maji yenye chumvi kabla ya kuwasha gari, kwa sababu gari langu ni la gia za mkono, na safari ile ya kwanza msuli wa paja ulinikaza taa ikiwa nyekundu, mguu ukiwa juu ya klachi.