Leo Ngezi na konokono

Mvua ilipokatika asubuhi nimeingia Msitu wa Ngezi, hapa Pemba, na mwanafunzi wa chuo anayekusanya konokono ili vinasaba vyao vipimwe. Mimi namwonesha njia tu.

Anakata kipande cha mguu, kidogo kuliko punje ya mchele, anakitia kwenye kichupa cha spiriti. Konokono akajirudisha ndani ya gamba.

Tukasubiri. Kimya kirefu.

Pembe moja ikachomoza, ya pili ikafuata, akaondoka zake juu ya jani lililolowa. Wallahi nilifurahi!

Kilichonikaa moyoni ni hiki: konokono haendi mbali. Shamba likikata msitu katikati, wa huku na wa kule hawakutani tena, na vizazi vikipita vinasaba vyao vinaachana.

Na Pemba yetu je? Zama za barafu bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara. Sisi tulibaki kisiwa, maana mkondo wa bahari kati yetu na bara una kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana msitu huu una thamani kubwa, hata kwa viumbe tunaowakanyaga bila kuwaona.

Hata yule konokono mkubwa wa kwenye migomba asili yake ni Afrika Mashariki. Alipelekwa India mwaka 1847. Mmoja aliyekwisha kupandana anaweza kuanzisha ukoo mzima, kwa hiyo huko ugenini wanafanana mno kwa vinasaba.

Ndugu zangu wa Makangale, Micheweni, na nyinyi mlio karibu na msitu wa Jozani kule Unguja: wa kwenu wana magamba ya rangi gani? Wekeni picha hapa.