Nilivyosajili studio yangu ya picha hapa Mbeya, kuanzia TIN mpaka leseni

Mi nimepiga picha miaka bila karatasi yoyote, mahafali ya chuo cha MUST, kipaimara, send-off za Uyole mpaka Tukuyu, kamera begani, mteja anatuma M-Pesa mnaachana. Kilichonifanya nirasimishe wala sio kuogopa TRA, watu wa kodi, ni shule moja ya binafsi walikua wanatafuta mtu wa kupiga picha za vitambulisho vya wanafunzi wote pamoja na mahafali ya form four, kazi ya maana kabisa, tukaelewana mpaka bei, afu mhasibu akaniambia sawa dada, lete TIN (namba ya mlipa kodi), leseni na jina la biashara tukuandikie hundi. Nilichokua nacho ni kile kitambulisho cha machinga cha elfu ishirini, vile vilivyoanza Desemba 2018 enzi za Magufuli kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mhasibu akakiangalia, akanirudishia kwa upole. Kazi akapewa mwingine.

Hii ilikua 2023, naandika kwa viwango vya wakati ule, we ukienda uliza tena maana kila bajeti ya Juni inakuja na lake.

Cha kwanza TIN. Ni bure, mtu akikuomba hela ya TIN jua anakupiga. Unaomba mtandaoni kwenye mfumo wa TRA ukiwa na namba ya NIDA. Wengi mnayo tayari na hamjui, ile mliyopewa wakati wa leseni ya udereva, ila ile ni TIN isiyo ya biashara, inabidi ibadilishwe iwe ya biashara, usiombe mpya. Na hapo kwenye biashara ndo wanataka barua ya serikali ya mtaa na mkataba wa pango, na huo mkataba ndo ulionichosha kuliko vyote, nakuja huko.

BRELA, wanaosajili majina ya biashara, ilikua rahisi, unafanyia kwenye simu tu, mfumo wao unaitwa ORS, nililipa kama elfu ishirini kwa kontrol namba. Kimbembe ni jina. Kila mpiga picha anataka jina lenye Classic au Vision ndani yake, wakiona linafanana na la mtu mwingine wanalikataa, kwa hiyo andaa majina kadhaa kichwani kabla hujachapisha mabango na tisheti. Na kama unafanya kazi kwa majina yako kamili kama yalivyo kwenye NIDA hulazimiki kwenda BRELA kabisa, mi nilitaka jina la biashara kwa sababu ya hundi za mashule.

Sasa mkataba. Nilipata fremu Soweto, ndogo, inatosha bakigraundi ya buluu, taa mbili na meza ya kompyuta. Mwenye fremu ni mama mtu mzima, heshima zake zote. Shida ni kwamba mkataba ukiupeleka TRA unalipiwa ushuru wa stempu asilimia 1 ya pango la mwaka, hiyo sio tatizo, ni hela ndogo. Tatizo ni kodi ya zuio asilimia 10. Yani we mpangaji unapomlipa mwenye nyumba wa biashara unatakiwa ukate asilimia 10 uipeleke TRA, yeye umpe inayobaki. Kisheria hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, mpangaji ni mbebaji tu. Mtaani sasa, nenda kamwambie mwenye nyumba kwamba utamkata uone.

Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo, nikamweleza taratibu. Mkono ukasimama kwenye ungo.

"Mwanangu, we umekuja kupanga au umetumwa na serikali?"

Nikamwambia mama, nimekuja kupanga, ila nikishalipa hiyo wananipa cheti chenye jina lako, nakuletea, siku wakija kukuuliza kodi ya pango unawaonyesha. Hakusema kitu. Akachukua simu akampigia kijana wake mwenye duka la hadwea Makambako, akaweka spika. Kijana akacheka, akasema "mama hata mi hapa kwenye fremu nakata hivo hivo, mwenye nyumba wangu alinuna mwaka wa kwanza afu akazoea." Mama akakata simu, akarudi kwenye maharage yake, akasema basi pandisha pango. Tukatoka laki na ishirini tukafika laki na ishirini na tano kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 1 na nusu, zuio 150,000, stempu 15,000. Tukagawana maumivu. Najua wapangaji wengi wanakubali kulibeba zuio lote kimya kimya maana fremu zinagombaniwa, na wengine wanaandika mkataba wa uongo wenye pango la chini, hiyo mi siishauri, siku mkikorofishana na mwenye nyumba una karatasi inayosema unalipa nusu ya unacholipa.

Ukishakua na mkataba, barua ya mtaa na TIN ya biashara unakaa na afisa wa TRA kwa ajili ya makadirio ya kodi, na hapa ndo naomba wapiga picha mnisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote.

Utaulizwa kwa siku unaingiza shingapi. Mtu anajibu kwa sifa, aaah kama elfu hamsini. Zidisha mara 365, hiyo ni milioni 18 na laki mbili na nusu, tayari umejitupa kwenye kundi la juu wakati huna hata lenzi ya pili. Kazi yetu haina "kwa siku". Kwaresma harusi hamna kabisa kwetu, wakristo wengi hawaoi, unaishi kwa paspoti saizi. Masika Mbeya hii unajua yenyewe, mtu wa kuja kupiga picha ya familia kwenye ile mvua ya kutwa nzima ni nani. Afu ghafla Novemba na Desemba huna muda wa kula.

Mi nilienda na kauntabuku langu. La kawaida tu, kwaya mbili, nimepiga mistari kwa rula: tarehe, mteja, kazi gani, shilingi ngapi, keshi au simu. Paspoti nne 3,000. Send-off Ilomba, advansi 150,000, salio limeandikwa siku lilipolipwa sio siku ya shughuli. Nilikua naandika toka zamani ili nijue nani ananidai picha na nani namdai hela, kumbe ndo kitu afisa anachotaka kuona. Akalifunua, akajumlisha mwenyewe na kikokotoo, ikaja kama milioni 8 na laki nne kwa mwaka.

Na tofauti yake ni hii. Kwa mfanyabiashara mdogo mmoja mmoja, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka kodi ni sifuri. Kati ya milioni 4 na 7, kama hutunzi kumbukumbu unalipa laki moja kavu, kama unatunza unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya 7 na 11, asiyetunza analipa 250,000, anayetunza analipa 90,000 kujumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwangu ilizidi kwa milioni 1 na laki nne, asilimia 3 yake ni 42,000, jumla 132,000 kwa mwaka. Bila lile kauntabuku ningelipa 250,000. Inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo kila awamu 33,000, hata mwezi mbovu hauumii sana.

Kitu ambacho kiliniudhi kidogo, hiyo kodi inaangalia mauzo, haiangalii faida. Harusi ya laki sita ukitoa albamu, kijana wa video, nauli ya Kyela na kula yao unabaki na laki mbili na kitu, lakini kwenye daftari ni laki sita. Ndo maana siku hizi mtu wa video simuweki kwenye bei yangu, nampeleka kwa bwana harusi waelewane wenyewe alipwe mkononi mwake na makubaliano yake, kila mtu na mauzo yake na TIN yake. Sio ujanja, ndo hali halisi, kazi ni yake kweli.

Leseni yenyewe baada ya hapo ilikua mteremko. TRA wanakupa hati ya kutodaiwa kodi, unaingia TAUSI, mfumo wa halmashauri wa kuombea leseni mtandaoni, unajaza, halmashauri ya jiji wanapitia, kontrol namba inakuja, unalipa, unaprint. Ada inategemea aina ya biashara na uko jiji, manispaa au wilaya, wa Iringa mjini asishangae akilipa tofauti na mimi. Ibandike ukutani na cheti cha TIN pembeni yake, wakaguzi wakija macho yao yanaenda huko kwanza. Zimamoto nao wanapita kukagua, mtungi wa kuzimia moto uwe nao mapema. Na kama una wazo la kuweka friji ya soda na uwakala wa simu humo humo studio, ujue kila biashara inataka leseni yake.

Wale wa pre-wedding za Kitulo, msimu wa maua, ile ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, kiingilio ni kitu kimoja na kibali cha picha za biashara ni kitu kingine, wapigieni kabla hamjapandisha maharusi kule na gauni. Droni ndo kabisa, hiyo ni TCAA, watu wa usafiri wa anga, kwanza.

Ile shule nilirudi mwaka uliofuata na bahasha yangu kamili, wakanipa mahafali. Saivi kilichobaki mezani ni mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA, maana mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka inakua lazima, na taasisi hata kabla ya hapo zinaniulizia risiti ya mashine kila nikipeleka bei. Kwa hesabu za daftari msimu huu wa Novemba na Desemba utanivusha, kwa hiyo nazunguka kwa mawakala kulinganisha bei, kama kuna aliyenunua karibuni hapa Mbeya aniambie kachukua ipi na chaji yake inakaaje umeme ukikatika.