Usiku Usio na Tarehe

Jumamosi, saa saba usiku

Daftari hili kila nikilifungua naanza na tarehe, hata siku ambayo sina la maana. Labda ndiyo sababu jambo hili limenikaa kooni tangu juzi: Agosti 1966, San Francisco, Marekani, ghasia dhidi ya polisi katika mgahawa wa Compton's, kwenye kona ya mitaa ya Turk na Taylor. Mwezi upo, mwaka upo, siku haipo. Kumbukumbu za polisi zimepotea, na magazeti makubwa ya mji hayakuandika kitu.

Mtaa wenyewe unaitwa Tenderloin. Huko ndiko walikojibanza wanawake ambao walipozaliwa waliandikwa wavulana, pamoja na wale wa kujipamba kike jukwaani. Wenyewe waliitana malkia. Kazi hawapewi, vyumba hawapangishwi, wengi wakaishia kujiuza. Compton's haukufungwa usiku wala mchana, basi mtu alinunua kikombe kimoja cha kahawa akakikalia mpaka alfajiri, maana mle kulikuwa na taa, na wenzake wa kuulizana nani kafika salama. Wenye mgahawa wakachoka nao. Wakaweka walinzi, wakawatoza ada ya kukaa, wakawa wanaita polisi. Julai vijana wa kundi la Vanguard wakasimama nje na mabango, haikusaidia.

Polisi walikuwa na sheria ya mji ya tangu 1863, inayokataza kuvaa nguo zisizo za jinsia yako. Imefutwa 1974, juzijuzi tu! Waliopitia hayo wamesimulia kwamba rangi ya mdomo ilitosha kukupandisha karandinga, na ukifika jela unanyolewa. Hapo kwenye kunyolewa niliweka simu chini kidogo. Nimekulia kwenye nyumba ya wasusi, najua nywele zinavyomgharimu mtu.

Usiku huo askari akamshika mmoja wao. Akarushiwa kahawa usoni. Kisha sahani, vikopo vya sukari, meza zikapinduliwa, vioo vikavunjika. Nje malkia waliwapiga askari kwa mikoba mizito na viatu vya visigino. Gari la polisi likavunjwa vioo, kibanda cha magazeti kikachomwa moto. Kibanda cha magazeti, jamani, na bado hakuna gazeti lililoandika. Mgahawa ukaweka vioo vipya. Usiku uliofuata vikavunjwa tena.

Yote haya ni miaka mitatu kabla ya Stonewall, zile ghasia za New York za mashoga na wenzao dhidi ya polisi, ambazo ndizo zinazokumbukwa zaidi. Yangepotea kabisa kama mwanahistoria Susan Stryker, mwenyewe mwanamke wa aina hiyohiyo, asingeyakuta miaka ya 1990 katika kijitabu cha maandamano ya mashoga ya San Francisco ya 1972, kisha akawatafuta waliokuwepo.

Babu yangu kitambulisho kinasema kazaliwa 1 Januari, tarehe ya karani. Yeye husema kazaliwa mvua ilipoondoka na daraja. Hiyo ndiyo ninayoiamini.

Aliyerusha ile kahawa naye jina lake halijulikani. Nimeandika pembeni mwa ukurasa: Agosti 1966. Mbele yake nimeacha nafasi ya tarakimu mbili.