Mkate wa leo au wa kesho?

Wiki hii jumuiyani tumebishana kinoma kuhusu Baba Yetu, kumbe hilo neno la "kila siku", kwa Kigiriki epiousios, halijapatikana popote zaidi ya sala hiyo tu, Mathayo 6:11 na Luka 11:3. Origen wa Aleksandria, yule mwanazuoni wa Kikristo wa karne ya tatu, alishasema zamani yaelekea waandishi wa Injili walilitunga. Eti kuna karatasi ya mafunjo toka Misri, listi ya matumizi tu, ikachapishwa 1889 watu wakashangilia limeonekana, ikapotea weee, imeibuka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 1998, kuisoma upya kumbe neno lenyewe ni MAFUTA 😂 Wengine wanasema maana yake mkate wa kesho, na mama mmoja muuza maandazi akadakia huo ndo anaoutaka yeye, wa leo keshauza.