Miaka Arobaini na Gongo la Hoki Mkononi

Jumapili, saa tatu asubuhi

Kiganja cha kushoto kimechubuka tena, pale pale chini ya kidole gumba. Nimekipaka asali, na huku Tabora asali haijawahi kutupungukia.

Leo tulikuwa tisa uwanjani. Vijana sita wa chuo, walimu wawili, na mimi mwenye miaka 54. Tukagawana, watano kwa wanne, mawe yakawa magoli. Tulicheza mpaka jua likapita vilele vya miembe.

Nilianza hoki mwaka 1983. Mwalimu mgeni alihamia shuleni kwetu na magongo sita na mpira mmoja. Mpira ule! Nilizoea mpira wa makaratasi na kamba. Huu ulikuwa mweupe, mgumu kama jiwe, gramu 160 hivi, na ukigongwa mlio wake unasikika hadi barabarani. Magongo sita hayakututosha, kaka akanichongea langu kwa tawi la mpera lililojipinda lenyewe. Zito, tena halikunyooka vizuri. Usiku nililala nalo.

Mwalimu alitusimulia habari za Olimpiki ya Moscow, 1980, Tanzania ilipopeleka timu ya wanaume. India ikatufunga 18–0. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza vijana wetu wale, dakika 70 na jezi ya taifa, wakirudisha mpira katikati kila baada ya goli na kuanza upya. Halafu akaongeza kwamba kwenye michezo hiyo hiyo wanawake walicheza hoki ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, na dhahabu ikaenda Zimbabwe, nchi iliyopata uhuru Aprili ya mwaka huo. Kumbe wanawake wanacheza! Siku hiyo nilirudi nyumbani mbio.

Mwaka uliofuata mwalimu akahamishwa, magongo yakafungiwa stoo. Tulipofungua, mchwa walikuwa wameshayamaliza. Ukilishika gongo linabonyea kama mkate. Nililia sana. Langu la mpera lilisalimika kwa kuwa lilikuwa nyumbani, uvunguni mwa kitanda.

Basi nikajifunza peke yangu, nyuma ya jiko, nikipita katikati ya makopo. Gongo la hoki lina uso mmoja bapa, upande wa kushoto. Mgongo wake wa mviringo hauruhusiwi kugusa mpira, na mguu pia hauruhusiwi, isipokuwa wa golikipa. Kwa hiyo mpira ukiwa kushoto kwako, lazima uligeuze gongo, ncha itazame chini. Mkono wa kushoto ndio unaogeuza. Wa kulia unalegea, gongo linazunguka ndani yake. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kiuno kimeinama. Miaka miwili ilipita kabla kiganja hakijaelewa. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko kufunga goli, na sijapata mchezo mwingine wenye raha hii.

Nimecheza chuoni Dar es Salaam, nimeolewa, nimezaa, nikakaa miaka sita bila gongo. Sitaki kuirudia miaka ile.

Olimpiki wanachezea nyasi bandia tangu 1976, na huko mpira unateleza kama juu ya meza. Natamani nizikanyage nyasi hizo hata siku moja. Lakini vumbi letu lina kokoto, mpira unarukaruka, na ndilo lililonizoesha kuusikiliza kabla haujafika.

Leo, tukikaribia kumaliza, mpira ulinijia kushoto, ukagonga kokoto, ukaruka. Kiganja kikageuka kabla sijawaza. Kijana aliyekuja kuniziba akapita patupu. Nikapiga, ukatoka nje ya jiwe la kulia, ukapotelea majanini.

“Shangazi, uliuonaje ule?” akaniuliza tukiwa tumeinama kuutafuta.

Nikamwambia sikuuona, niliusikia.

Tulipekua majani robo saa nzima. Ndio mpira pekee tulio nao.