Umeshakula Wali? Siku Zangu za Mwanzo Nong Khai

Barua ya kazi ilinitaka niripoti shuleni tarehe 13 Mei 2567. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji, uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, nikadhani aliyeichapa amekosea. Hakukosea. Thailand huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, iliyotangulia hii tuliyoizoea kwa miaka 543, kwa hiyo 2567 yao ndiyo 2024. Ofisa aligonga muhuri kwenye viza yangu ya Non-B, ile wapewayo wanaokuja kufanya kazi, nikatoka nje kwenye joto la unyevu linalolowesha nguo kabla hujaifikia teksi.

Bangkok, ambao wenyewe huuita Krung Thep, niliupita tu. Jioni hiyohiyo nilipanda treni ya usiku kwenye kituo cha Krung Thep Aphiwat kuelekea kaskazini mashariki, zaidi ya kilomita 600. Mhudumu alipita akigeuza viti kuwa vitanda na kutandika mashuka meupe kwa mikono myepesi, wenzangu wakafunga mapazia, behewa likanyamaza. Mimi usingizi ulinipaa. Nilikuwa nayawaza maneno ya wakala wa kwanza niliyemwandikia nikitafuta nafasi. Alinijibu kwamba vyeti vyangu ni vizuri, lakini wazazi hupenda mwalimu wa Kiingereza awe Mzungu. Shule niliyokuwa naiendea haikusema hivyo, ila neno lile nilikuwa nimelibeba pamoja na mizigo.

Kulipopambazuka tulikuwa katikati ya mashamba ya mpunga, mengine bado makavu yakingoja mvua, mengine yakimetameta kwa maji ya mvua za kwanza. Nong Khai umekaa ukingoni mwa Mto Mekong. Ng'ambo ni Laos, na kati yao kuna Daraja la Urafiki lililofunguliwa mwaka 1994. Mwalimu aliyetumwa kunipokea alisimama kwenye jukwaa la kituo, akaunganisha viganja mbele ya uso wake, akainama kidogo. Hakuniuliza habari za safari. Aliuliza: "Kin khao rue yang?" Kisha akanitafsiria: umeshakula wali?

Nilimweleza nilichokula, wapi na saa ngapi. Alisikiliza hadi mwisho kwa uvumilivu. Baada ya siku tatu ndipo nilipoelewa kwamba ile ni salamu, na jibu lake ni fupi tu: "Kin laeo kha," nimeshakula.

Neno hilo khao limenishughulisha kuliko kitu kingine chochote. Sisi tunao mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini. Wao vyote ni khao, na kula chakula chochote kile ni "kula khao". Lakini usidhani ni rahisi. Kithai kina toni tano. Khao ikishuka ni wali, ikiwa ya chini ni habari, ikipanda ni nyeupe. Mama wa mgahawa ulio karibu na chumba changu, kila nilipoomba wali kwa toni isiyo yake, alirudia neno taratibu huku akishusha kidole hewani, kama anayemwonyesha mtoto njia ya kuteremka kilima. Hakunipa sahani mpaka nilipolipata. Namshukuru, maana ndiye mwalimu wangu wa kwanza huku. Wali wenyewe wa eneo hili la Isan ni khao niao, wa kunata, unaletwa ndani ya kikapu kidogo cha mianzi. Unakata kwa vidole, unafinyanga tonge, unachovya. Mkono wangu haukuhitaji kufundishwa hilo.

Shuleni asubuhi huanzia getini. Walimu wa zamu husimama hapo na wanafunzi huingia mmoja mmoja, kila mtoto akiunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Heshima hiyo huitwa wai. Siku ya kwanza, kwa hamu ya kuonekana nina adabu, niliwahi kuwafanyia watoto wai kabla wao hawajanifanyia. Mwalimu mwenzangu, ambaye namwita Phi kwa kuwa ni dada mkubwa kwangu, aliushusha mkono wangu polepole. Nilielewa papo hapo: ilikuwa kama mtu mzima kumwamkia mtoto shikamoo. Mdogo hutangulia, mkubwa hupokea. Saa 2 kamili bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa, na hakuna anayetikisika. Saa 12 jioni wimbo huo hupigwa tena hadharani. Nilikuwa natembea kando ya Mekong siku ile, na waliokuwa wakikimbia mazoezi wakasimama, muuza matunda akasimama, nami nikasimama, mto peke yake ukiendelea na safari yake.

Mlangoni mwa darasa viatu huvuliwa. Jozi 42 zilipangwa nje, nikaongeza yangu. Nilipoingia, kiongozi wa darasa alipaza sauti, wote wakainuka na kunisalimu kwa Kiingereza kwa sauti moja, na nilipowauliza hali wakajibu kwa sauti moja tena. Nilifundisha wakati uliopita wa vitenzi kwa dakika 50. Nilikuwa nimejifunza kuuliza "Khao jai mai?", yaani mmeelewa? Wakaitika, wasichana wakimalizia kwa kha, wavulana kwa khrap: "Khao jai!" Hakuna aliyenyoosha mkono, hakuna aliyenong'ona. Nikatoka nikiamini nimefundisha.

Jioni nikafungua madaftari. Nusu nzima walikuwa wamenakili mifano yangu ya ubaoni na kuacha mazoezi wazi. Ilikuwa hivyo Jumanne, ikawa hivyo Jumatano, na usiku wa Alhamisi nilikaa kitandani nikijiuliza kama yule wakala alikuwa ameona kitu nisichokiona mwenyewe.

Phi ndiye aliyenifumbua macho. Alinifundisha neno kreng jai. Jai ni moyo, na neno zima ni ile staha inayomzuia mtu kumsumbua mwingine, hasa mkubwa wake. Mtoto akisema hajaelewa, pengine atakuwa amemwambia mwalimu mbele ya watu kwamba hakueleza vizuri. Basi anasema ameelewa, kwa heshima tu. Na khao jai, alinieleza Phi, maana yake ni kuingia moyoni. Nilichokuwa nawauliza ni kama somo limewaingia moyoni, nao walikuwa wananilinda nisiaibike.

Sikubaliani na wageni wanaoona kimya hiki kuwa uvivu, au woga wa watoto waliozoeshwa kuitikia tu. Nimekaa nao. Wakati wa mapumziko ni watoto wenye kelele na maswali. Ni mimi niliyekuwa sijawafungulia mlango ambao wangepita bila kumvunjia mtu heshima. Nikaleta boksi la kadibodi, nikawaomba waandike kwenye kijikaratasi kitu kimoja wasichoelewa, kwa lugha yoyote, bila jina. Wiki ya kwanza nilipata vijikaratasi vitatu.

Alhamisi moja ya Juni ikaja siku ya Wai Khru, ya kuwaheshimu walimu. Ukumbini tuliketi mbele kwenye viti, na wanafunzi wakatujia kwa magoti wakibeba mapambo waliyoyatengeneza wenyewe. Phi alinong'ona maana ya kila kitu: ua la khem, yaani sindano, ni akili iwe kali, ua la bilingani huinama linapochanua, ni unyenyekevu, na yale majani, ambayo niliyatambua kabla hajayataja, yalikuwa ukoka, nyasi zinazokanyagwa na bado zinasambaa. Msichana wa darasa langu aliinama hadi kichwa kikakaribia sakafu, akaniita Khru, yaani mwalimu. Hakujua lolote kuhusu barua ya yule wakala. Nilikuwa na wiki tano tu mbele yao, somo bado halijawaingia vizuri, na jina hilo tayari wamenipa lote. Nililia, na sikuona sababu ya kujificha.

Mchana huo nilipofungua boksi kulikuwa na vijikaratasi 19. Vingi viliuliza kwa nini kitenzi "go" hubadilika vile. Kimoja kilikuwa cha Kithai, hati nzuri ya mviringo, nikampelekea Phi anisomee.

"Khru, ongea polepole kidogo. Umeshakula wali?"

Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake kwa herufi za Kithai nilizokuwa nimejifunza wiki hiyo, na kesho yake nikakibandika ubaoni ili mwenyewe akione: "Kin laeo kha."