Mwenye Kupooza Alibebwa na Watu 4

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii moyo umenielemea na nitaandika hivyohivyo ulivyo. Mnajua mama yangu huko nyumbani alipata kiharusi, upande wa kulia wote hauna nguvu, na anayemuuguza ni mdogo wangu wa mwisho, kwa vile yeye ndiye hajaolewa ukoo mzima ukaona basi, hiyo kazi ni yake. Juzi usiku kanitumia voisi ndefu analia, dada nimechoka, naogopa hata kulisema, namuomba Mungu anisamehe. Anisamehe! Mtu halali usiku, anamgeuza mama asipate vidonda, anabadilisha pampasi, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, halafu anatubu kwa kuchoka.

Nimeisikiliza ile voisi kwenye basi natoka shifti na nikamkumbuka mwigizaji June Brown. Wengi wenu hamumjui, ila huku Uingereza ukifanya kazi ya kea kama mimi, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa, humkwepi, wazee wetu jioni lazima uwawekee EastEnders, tamthilia ya BBC, na ukimtaja Dot Cotton, yule aliyemuigiza June, tu hata bibi asiyekumbuka jina lako uso unachangamka. Dot ni mama mtu mzima anayefanya kazi kwenye duka la kufulia nguo, sigara haimtoki mkononi na mistari ya Biblia haimtoki mdomoni. June alianza kumuigiza 1985 akiwa tayari na miaka 58, umri ambao wengine wanahesabu siku za kustaafu, na ukiacha miaka michache aliyotoka kule kwenye miaka ya 90, aliendelea naye mpaka 2020 huku macho yenyewe yameshafifia. Alifariki Aprili 2022 ana miaka 95. Naye alikuwa muumini, hakuficha.

Sasa nisikilizeni. Tarehe 31 Januari 2008 BBC walionyesha kipindi cha nusu saa ambacho mwigizaji ni yeye peke yake mwanzo mwisho, kitu ambacho tamthilia hizi za kila wiki za Uingereza hazikuwahi kufanya. Jim, mume wa Dot kwenye hadithi, amepata kiharusi yuko hospitali, Dot kakaa nyumbani na redio kaseti anamrekodia ujumbe. Anaongea, anakumbuka alivyopelekwa Wales utotoni wakati wa vita, anazunguka weee, mpaka anafika pale alipokuwa anapakwepa, kwamba hajui kama ataweza kumuuguza akirudishwa nyumbani. Anamwambia mume wake hivyo, mama wa Biblia yule! Na si kwamba walitunga tu, John Bardon aliyemuigiza Jim alipata kiharusi kweli mwaka 2007. June mwenyewe alikuwa na miaka 80, mume wake wa kwanza alijiua 1957 baada ya kusumbuliwa na sonona, alizika mtoto mchanga, na mume wa pili, Robert Arnold, aliugua ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu mpaka akafariki 2003. Yale maneno alikuwa anayajua uzito wake. Mwaka uliofuata aliteuliwa kugombea BAFTA, tuzo kubwa ya filamu na televisheni huku Uingereza, lakini mimi sio tuzo inayonigusa, kinachonigusa ni kwamba mamilioni ya watu walimsikia mwanamke mcha Mungu anakiri kuwa amechoka na anaogopa, na hakuacha kuwa mcha Mungu.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe mwingine unayesoma huku mgonjwa yuko chumba cha pili, hujatenda dhambi. Eliya alilala chini ya mretemu akamwambia Mungu yatosha, na Mungu hakumkemea, alimtumia malaika na mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa akala tena. Mahubiri yalikuja baadaye. Mlilie Baba hivyohivyo, usimpambie maneno.

Lakini nina neno na kanisa, mniwie radhi kama ni kali. Tukienda kumuona mgonjwa tunabeba sukari na sabuni, tunaimba, tunamwekea mikono mgonjwa, halafu mlangoni tunamwambia binti vumilia mwanangu, thawabu yako ipo mbinguni, tunaondoka. Dakika 30! Nani kamuuliza amekula? Nani kamuuliza mara ya mwisho kuja ibadani ilikuwa lini? Tunasema Mungu amempa neema ya kuuguza, na hapo tumeshajitoa. Na ninyi kaka zetu mnaotuma hela tarehe 30 mkaona mmemaliza, hela tunashukuru, ila hela haimgeuzi mtu kitandani.

Huku kazini, mgonjwa asiyejiweza kabisa tunaenda makea wawili, mmoja huku mmoja kule, ukimnyanyua peke yako unaandikiwa barua ya onyo. Hiyo ni kampuni tu, inatafuta faida. Sasa sisi watu wa Yesu tunamwachaje binti mmoja na mama mzito hivyo mwaka baada ya mwaka? Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu 4, Marko hakutuandikia majina yao, akaandika idadi, na Yesu alipoiona imani yao, yao wapendwa, ndipo akasema na mgonjwa. Kila nyumba yenye mgonjwa mtaani kwenu inadai watu 4, na mpaka sasa yupo mmoja tu amekata tamaa.

Mama mchungaji na viongozi wa jumuiya, naomba mpange zamu. Sio zamu ya maombi, hiyo ipo. Zamu ya kulala. Dada mmoja Jumatano usiku, mwingine Jumamosi, unaenda na khanga zako, unaonyeshwa dawa ziko wapi na mgonjwa anageuzwaje, unamwambia binti wa watu nenda chumbani kafunge mlango ulale mpaka asubuhi, akiamka umeshamnywesha mama chai. Kwa mdogo wangu mtaanza lini? Nijibuni kabla ya Jumapili.